Miaka kumi isiyo kwenye listi: historia ya Mwalimu wetu wa Lugufu



Komite iliniomba niandike historia ya Mwalimu wetu wa Lugufu mbele ya mkutano mkuu, ili kila mtu aelewe kwa nini habari yake inarudi kila mwezi katika vikao vyetu. Mara ya kwanza nilikataa. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni cherehani pale sokoni Baraka, si kalamu. Prezida akaniambia: "Dada, kama umesoma kwake miaka minne na huwezi kuandika kurasa mbili tatu, basi tumuulize yeye mwenyewe alikuwa anafundisha nini." Nikanyamaza, nikaenda kununua daftari.

Jina lake sitaliandika. Yeye aliomba hivyo, juu dosye yake ingali inatembea ofisini na hataki ionekane kwamba ametuma watu wamsemee. Siye wote tulikuwaka tunamwita Mwalimu, basi. Waliosoma kwake watajua ni nani.

Nianze na neno moja. Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kurudi kutoka Tanzania, alienda kwenye ofisi moja kuuliza habari ya matirikule yake, ile namba ambayo serikali inampa mwalimu anayelipwa. Alikuwa nayo tangu ujana wake. Karani akafungua listi, akatembeza kidole, akafika kwenye jina, kisha akageuza karatasi ili Mwalimu asome mwenyewe. Kando ya jina lake waliandika: deserteri. Ni kusema, mtu aliyetoroka kazi.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mimi alinisimulia hii mambo miaka mingi baadaye, siku alileta suruali nimpunguzie kiuno, na hakuwa na hasira wakati anasimulia. Alisema tu: "Mutoto wangu, mimi nilitoroka risasi. Kazi nilienda nayo."

Ninataka kuandika juu ya hiyo kazi aliyoenda nayo.

Alianza kufundisha mwaka 1978 katika shule ya msingi ya misioni, huko milimani Fizi. Shule za nchi zilikuwa zimetoka tu kwenye misukosuko. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa, zikawa za taifa. Haikuweza kuziendesha. Mwaka 1977 ikafanya mapatano na makanisa, ikawarudishia uongozi wa shule, lakini mshahara wa mwalimu ukabaki mikononi mwa serikali. Wafadhili wetu wanauliza mara nyingi kwa nini shule ya Kongo iko na mabwana wawili, kanisa na serikali. Ni juu ya yale mapatano.

Mwanzoni mshahara ulikuwepo. Mwalimu anasema kwamba kwa mwaka wake wa kwanza alinunua baiskeli, na watu wa kijiji walikuja kuigusa. Kisha miaka ya 1980 ile feza ikaendelea kupoteza nguvu, na mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara ulikuwa kama hakuna. Walimu wakagoma nchi nzima, shule zikafungwa. Ili zifunguliwe, maaskofu wa Katoliki walikubali wazazi wawe wanatoa kitu kidogo kwa ajili ya mwalimu, na shule zingine zikafuata. Ilisemwa ni ya muda. Hiyo njo tunaita primi, na ile ya muda ilipita miaka 25.

Ninaandika hii juu vijana wetu wanafikiri ni vita iliharibu shule. Hapana. Vita ilikuta mwalimu tayari anaishi kwa mkono wa mzazi. Kwetu mzazi alikuwa analipa kwa mihogo, kwa kuku, ao kwa siku moja ya kulima katika shamba la mwalimu. Kwa hiyo wakati watu walikimbia, mwalimu aliyebaki peke yake angebaki na nini? Watoto wameenda, wazazi wameenda, serikali hailipi. Ninaomba wale wanaotumia lile neno la kwenye listi wafikirie hivyo.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita ikafika Uvira na kushuka kusini kando ya ziwa. Wengi wetu tulivuka Tanganyika kwa mitumbwi na maboti ya wavuvi mpaka Kigoma. Mimi nilikuwa na miaka minane. Habari ya kuvuka sitaisimulia. Kila nyumba katika chama hiki iko na historia yake ya yale maji, na zingine hazisemwi mbele ya watoto. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka ule ule, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Siye tulipelekwa Lugufu.

Mwalimu alifika na mke wake, watoto wanne na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko mlikuwa chaki, kitabu kimoja cha hesabu, na rejista ya kalasi yake ya Fizi. Mama Mwalimu hakumsamehe kabisa juu ya ile rejista. Alikuwaka anasema mbele ya wageni: "Huyu baba alisahau sufuria, akabeba majina ya watoto wa watu."

Siku za kwanza shule haikuwepo. Kulikuwa tu kupanga mistari: mstari wa maji, wa kadi, wa shitingi, wa chakula. Mwalimu akawa anapita katika mistari na kuuliza watoto: wewe ulikuwa kalasi ya ngapi? Uko na miaka mingapi? Anaandika. Mama yangu alifikiri ni mtu wa kuhesabu watu kwa ajili ya posho, na kwamba mtoto mkubwa atapata zaidi, akamwambia niko na miaka 12. Nilikuwa nimetimiza tisa. Ukitazama rejista ya 1997 utaona mimi ni mkubwa kuliko dada yangu aliyenitangulia. Tulicheka sana juu ya uongo huo, mpaka siku uliporudi kwetu. Nitaeleza mbele kidogo.

Tukaanza chini ya mti. Ubao ulikuwa mbao za sanduku la msaada, zikapakwa ule unga mweusi wa ndani ya mawe ya redio, umechanganywa na maji ya majani. Kila mtoto alikuja na jiwe lake la kukalia. Baadaye wazazi walifyatua matofali, mashirika yakaleta vitabu, madaftari na mabati, na shule ikawa shule kweli, na kengele na direkteri. Walimu wakawa wanapata posho. Haikuwa mshahara, juu mkimbizi hakuhesabiwa kama mfanyakazi, lakini ilifika kila mwezi. Mwalimu anasema kitu ambacho kilinishangaza: katika maisha yake ya kazi, muda alipata franga kidogo bila kukosa ulikuwa ukimbizini.

Mambo ya programu yanahitaji maelezo. Mpango wa serikali ya Tanzania na wa HCR ulikuwa kwamba mkimbizi asome programu ya kwao, juu iko siku atarudi. Watoto wa Burundi walisoma ya Burundi, siye tukasoma ya Kongo. Basi pale katikati ya mkoa wa Kigoma, mahali watu wote wa nje wanasema Kiswahili na shule zao ziko za Kiswahili na Kiingereza, siye tulikuwa tunakariri vitenzi vya Kifaransa. Wazazi wengine walilalamika. Walisema, hii Kifaransa tutaongea na nani hapa? Haikuwa ruhusa kupita kilometa 4 kutoka kambini pasipo kibali, kwa hiyo kweli hatukuwa na mtu wa kuongea naye. Mwalimu aliwajibu kwa heshima: "Papa, mama, hii si lugha ya hapa. Ni funguo ya nyumba tuliyofunga."

Lakini hata ile nyumba ilikuwa inabadilika bila siye. Mwezi wa 5 mwaka 1997, katika miezi yetu ya mti, redio ikatangaza kwamba Kabila ameingia Kinshasa na nchi haiitwi tena Zaire. Bendera imebadilika, wimbo wa taifa umebadilika, Shaba imekuwa tena Katanga. Kitabu chetu cha jeografia kilikuwa kimoja kwa watoto wote, na kila ukurasa ulisema Zaire. Mwalimu alikaa na kalamu nyekundu usiku kucha, akakata Zaire, akaandika Kongo juu yake, ukurasa kwa ukurasa. Asubuhi akatuonyesha. Mtoto mmoja akauliza kama sasa tunaweza kurudi. Akasema: "Kwanza tujue tunarudi wapi," akachukua fimbo na kuchora ramani ya nchi kwenye udongo, kubwa, tukasimama ndani yake.

Lile somo, kila mtu aliyesoma kwake analikumbuka. Aliliweka kila mwaka. Anachora Kongo ardhini, anachora ziwa, anachora na ng'ambo ya ziwa, pale tulipo. Kisha anamwita mtoto mmoja awe maji ya mto Malagarasi. Malagarasi unapita katika nchi ya Kigoma na kuingia Tanganyika. Mtoto anatembea, anaingia ziwani. Ziwa liko na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Mtoto anavuka ziwa, anatoka kwa Lukuga, anafika Lualaba, anapanda na Lualaba kwenda kaskazini, anavuka ikweta, anageuka, anavuka ikweta mara ya pili, anafika Kinshasa, Matadi, Banana, anaingia baharini. "Umeona," anasema, "maji mnayochota hapa yanaenda kwetu bila kibali." Tulipigania kuwa Malagarasi. Mimi nilipata mara moja, kalasi ya tatu, nikapotea njia Kisangani.

Mwaka 1998, tarehe 2 mwezi wa 8, vita ya pili ikaanza. Wale waliokuwa wamerudi Fizi wakavuka tena ziwa, na wengi wapya pamoja nao, zaidi kisha mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka ule. Kalasi yetu ikajaa mpaka tukagawanywa, wengine asubuhi, wengine mchana. Mwalimu alifundisha zote mbili. Watoto wapya waliokuja hawakusema kitu majuma mengi. Hakuwalazimisha. Aliandika majina yao na kuwapa kazi ya kufuta ubao.

Tena kuna siku ya Nyerere. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1999 redio ilisema amefariki London, na Tanzania nzima ikawa matanga. Siye wakimbizi hatukujua tufanye nini. Si rais wetu, lakini ni nchi yake iliyotupokea, na baba zetu wengine walivuka kwenda kule hata mbele, wakati wa vita vya 1964. Mwalimu hakufunga kalasi. Alituambia kwamba yule mzee alikuwa mwalimu kweli, alifundisha Tabora, kisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 juu ya siasa. Akasema watu walimpa majina mengi makubwa, na yeye alishika lile la kazi yake ya kwanza mpaka kufa. Kisha akatupa imla. Nilipata makosa saba.

Sasa ule uongo wa mama yangu. Miaka ya 2002 na 2003 ilikuwa mibaya. Chakula kilipunguzwa, watoto walikuja shuleni bila kitu tumboni, wengine walilala juu ya benchi na Mwalimu aliwaacha walale. Nyumba nyingi zilianza kutafuta mtu wa kuchukua binti. Kwetu alikuja baba mmoja mwenye duka kambini, na wazee wake. Baba yangu akasema mtoto bado mdogo. Wale wazee wakajibu: hapana, hata rejista ya shule inasema ako na miaka 17. Walikuwa wamekwisha kuuliza.

Baba akaita Mwalimu, ili aseme. Nilikuwa nyuma ya shitingi, nilisikia yote. Mwalimu alikuja na rejista, akaiweka juu ya magoti ya baba yangu pamoja na kalamu, akasema: "Papa, kama binti anaondoka, mimi siwezi kumfuta. Mufute wewe kwa mkono wako." Baba yangu alikuwa anajua kuandika jina lake tu, lakini kufuta hakuhitaji masomo. Alishika kalamu, akaangalia lile jina muda mrefu. Njo mama akaingia, akapiga magoti mbele ya wazee wote, akasema ukweli juu ya ile miaka 12. Mara ya kwanza kulikuwa kimya, kisha mzee mmoja wa upande ule akaanza kucheka, na kesi ikaishia katika kicheko. Mwalimu alisahihisha umri wangu palepale, akaweka tarehe na sahihi. Nilimaliza kalasi ya sita mwaka 2003. Sikufika mbali, sekondari nilifanya miaka miwili. Lakini nilichagua mume wangu mwenyewe, na vitabu vya hesabu vya duka langu ninavishika mwenyewe.

Mwanzo wa 2005 Kongo, Tanzania na HCR walitia sahihi mapatano ya kurudisha watu, na mwezi wa 10 meli ikaanza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mnakumbuka Mwongozo. Mnakumbuka na ule umati pwani, watu wakitafuta sura. Sisi tulirudi 2006. Mwalimu alikataa kupanda meli mbele ya kalasi yake kumaliza mwaka, na mwaka uliofuata akasema vilevile. Akarudi 2007 baada ya proklamasio. Waliobaki Lugufu wakahamishiwa Nyarugusu, na mwaka 2009 kambi ikafungwa.

Alileta sanduku la bati. Ndani yake daftari kumi zilizofungwa kwa kipande cha shitingi, daftari moja kwa kila mwaka wa shule: majina ya watoto, kijiji cha kambi, pointi za kila muhula, na kando, kwa maandishi madogo, mambo kama "mama yake mgonjwa", "ameenda Nyarugusu", "amefariki".

Zile daftari zilitusaidia kuliko tulivyofikiri. Wengi walirudi bila buletini. Zingine zililowa, zingine zilibaki kwa ndugu. Mdogo wangu alipoenda kuandikishwa, direkteri wa shule moja alitaka kumrudisha kalasi ya pili juu hana karatasi. Baba akampeleka kwa Mwalimu. Mwalimu alinakili pointi zake kutoka daftarini, akaweka sahihi, akaenda yeye mwenyewe kwa yule direkteri, wakaongea kama watu wa kazi moja. Mtoto akaingia kalasi ya tano. Nikiuliza katika mkutano wetu nani aliingia shule kwa karatasi ya Mwalimu, mikono mingi itapanda.

Na yeye mwenyewe, aliyeandikia wengine karatasi, hakuna aliyemwandikia yake. Alirudi ubaoni kama mwalimu mpya. Wanawaita N.U., ni kusema walimu ambao wako kazini lakini listi ya malipo haiwajui bado. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, na kalasini mwa jirani alikuwa kijana aliyemfundisha yeye, mwenye matirikule. Miaka 18 ya Fizi ilikatwa na lile neno. Miaka 10 ya Lugufu haikuingia mahali popote. Aliishi kwa primi ya wazazi.

Kisha ikaja elimu ya bure. Katiba ya 2006 ilikuwa imesema tayari, kwa kifungu cha 43, kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Mwezi wa 9 mwaka 2019 ikaanza kutumiwa kweli. Mimi nina watoto watano, siwezi kusema neno baya juu ya elimu ya bure. Siku ile nilicheza. Lakini primi ikakatazwa, na N.U. ambaye hakuingizwa kwenye listi akabaki bila primi na bila mshahara. Mwalimu alifundisha vile mwaka mzima. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko Lugufu. Akaacha wakati macho yalianza kukataa.

Hapa niseme kidogo tulivyopatana tena, siye wanafunzi wa zamani, juu wafadhili wanauliza grupu hii ilianzishwa na nani. Haikuanzishwa na mtu. Mwaka 2011 Mama Mwalimu alifariki. Kwenye matanga tulijikuta wengi, mmoja ametoka Mboko, mwingine Uvira, mwingine Kazimia kwa boti, na usiku tukiwa tumekaa kando ya moto Mwalimu akaleta daftari za Lugufu, akaanza kusoma majina, kama asubuhi ya shule. Aliyekuwepo aliitika. Kwa asiyekuwepo, mtu alisema yuko wapi: yuko Nyarugusu, yuko Lubumbashi, ameenda Marekani, Kanada, Australia. Kwa wengine hakuna aliyejibu, akaweka alama ndogo na kuendelea. Asubuhi tulikuwa na listi ya namba za simu. Leo ile listi iko kwenye simu zetu, na yule wa Australia anaanza kutusalimia wakati siye tungali tunalala.

Ninyi mnajua muso yetu iko na masanduku matatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa magonjwa na matanga, la bluu kwa feza ya kutoka nje. Mwaka uliopita ndugu wa Marekani walituma mchango na neno: ni kwa ajili ya kumheshimu Mwalimu. Hawakusema namna gani. Tangu siku ile tuna mabishano.

Upande mmoja wanataka jiwe lenye jina lake kwenye uwanja wa shule, na siku ya kulifungua, na nguo za sare. Mimi ningepata kazi ya kushona hizo nguo, na bado ninapinga. Upande mwingine unataka apewe kitu kila mwezi. Muzee mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema sanduku jekundu ni la mgonjwa na la maiti, Mwalimu si mgonjwa wala hajafa, na tukivunja sheria kwa mmoja tutaivunja kwa wote. Kijana mmoja akajibu kwa hasira: "Sasa tumungoje afe njo tumulipe?" Kikao kiliishia pale, na si vizuri.

Maoni yangu ni haya. Muzee ana haki juu ya sanduku jekundu. Tusiliguse. Lakini feza ya Marekani iko kwenye la bluu, na la bluu halina sheria hiyo. Kutoka pale apate kiasi kile kile kila mwezi, kidogo lakini bila kukosa, na kiitwe kwa jina lake: malipo ya miaka kumi. Kisiitwe msaada. Na kwa upande wa dosye, kila mwanafunzi wa zamani aandike ushahidi wa ukurasa mmoja: nilisoma kwake Lugufu, mwaka fulani, kalasi fulani, aweke sahihi na namba ya kadi yake ya uchaguzi kama anayo. Tuziweke pamoja na kopi ya daftari, tuzipeleke ofisini. Hakuna ofisi iliyotuahidi kitu. Pengine watazipokea na kuziweka chini ya zingine. Lakini siku mtu atafungua lile jina tena, atakuta kando ya neno lile karatasi za watu waliokuwa kalasini miaka ile wanayosema alitoroka.

Yeye nilimuuliza. Juu ya jiwe alicheka. Juu ya malipo alisema tuzungumze na watoto wake. Kisha akaleta sanduku la bati, akanionyesha kitu ambacho hakuwa amesema kwa mtu: daftari ya mwaka 2000 mpaka 2001 mchwa waliila. Imebaki jalada na kurasa mbili. Alisema hiyo njo kazi angependa tumfanyie, turudishe ile listi.

Ni kalasi yangu, ya nne. Wengi wao wako katika daftari ya mwaka wa mbele ao wa nyuma, hao tumekwisha kuwapata. Shida ni wale waliokuwa pale mwaka ule tu: walioingia baada ya mwezi wa 9 na kuondoka mbele ya mwezi wa 7, kwenda kambi ingine, ao kufa. Hao hawako mahali pengine popote. Mimi nakumbuka binti mmoja wa benchi ya mbele, aliyeshona madaftari yake kwa uzi mwekundu. Alikuja wakati wa mvua, hakukaa muda. Uzi ninauona mpaka leo, jina limenitoka.

Mwenye kumjua, ao mwenye kukumbuka mwingine wa kalasi ya nne ya mwaka ule, asubuhi ao mchana, apite kwangu sokoni siku yoyote isipokuwa Jumapili, ao amwambie katibu. Walio nje watume kwa simu, hata kwa sauti, hata jina moja tu la nyumbani. Daftari mpya nimekwisha kuinunua, na Mwalimu amesema ataandika yeye mwenyewe, mtu amsomee tu.